Somo: Mwalimu Mpya na Kijana Aliyevunjika Moyo



Mwezi huu twataka kutazama jambo moja ambalo kila afundishaye hukutana nalo, apende asipende. Yuko kijana aliyejaliwa akili na nguvu. Jana alifanya kazi yake kwa furaha, na watu wakamsifu. Leo mkono wake umelegea. Kazi anaijua, wala hakuisahau, lakini moyo wake umekwisha kumwambia kwamba hawezi. Je, kijana kama huyo arudishwe kwa njia gani? Akaripiwe? Abembelezwe? Ama aachwe mpaka apone mwenyewe?

Tumechagua mfano wa mbali sana, nao ni mfano wa mchezo, wala si wa darasa. Msiudharau kwa ajili hiyo. Darasani makosa ya mwalimu huweza kufichika miaka mingi. Lakini katika mchezo mambo yote huonekana mbele ya watu, tena huhesabiwa na kuandikwa. Ndiyo sababu mfano huu wafaa kwa somo letu.

1. Mchezo wenyewe

Mchezo wa magongo si mgeni kabisa kwetu. Huchezwa uwanjani katika miji yetu, na mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu yake ya magongo Moscow katika michezo ya Olimpiki. Lakini katika nchi za baridi, kama Kanada, uko mchezo mwingine wa magongo uchezwao juu ya barafu, nao huitwa hoki ya barafu. Uwanja wake una urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26, nao umezungushiwa ukuta mfupi. Wachezaji huvaa viatu vyenye ubapa wa chuma chini yake, wakateleza kwa mbio kuliko mtu akimbiaye. Badala ya mpira wa mviringo hupiga kisahani cheusi cha mpira mgumu, chenye uzito wa gramu 170 hivi. Kila upande una watu sita uwanjani, mmoja wao akiwa mlinda mlango. Mchezo una vipande vitatu, kila kimoja dakika 20.

Yafaa tukumbuke mambo mawili ya mchezo huu, maana bila hayo hatutaelewa yatakayofuata.

La kwanza, mlango ni mdogo. Upana wake haufiki mita mbili, na urefu wake ni mita moja na robo hivi, naye mlinda mlango amevaa mavazi manene yauzibayo karibu wote. Mshambuliaji huona nafasi kwa kufumba na kufumbua, kisha nafasi imekwisha kufungwa. Akisitasita kidogo tu na kujiuliza, "Nipige au nisipige?" amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo shaka ya moyo huingia mpaka mikononi. Mwenye shaka hulikaza gongo kupita kiasi, na mkono uliokazwa haupigi sawasawa.

La pili, mshambuliaji hakai uwanjani muda mrefu. Hucheza kwa nguvu zake zote muda usiozidi dakika moja, mara nyingi pungufu, kisha hurudi kuketi na mwingine huingia mahali pake. Basi mwalimu wa timu huchagua tena na tena, mchezo mzima, ni nani aingie na nani aketi, nani acheze na nani. Kila aitwapo, na kila asipoitwa, kijana husoma humo fikira ya mwalimu wake juu yake. Mwalimu aweza kunyamaza kimya, hata hivyo amesema.

2. Kijana

Cole Caufield alizaliwa mwaka 2001 katika jimbo la Wisconsin, nchi ya Marekani. Baba yake naye alikuwa mchezaji wa hoki. Kijana huyu alikuwa mfupi: kimo chake ni futi 5 na inchi 7 au 8 tu, katika mchezo ambao wengi hupita futi 6. Lakini alikuwa na kipawa cha kufunga mabao. Katika timu ya vijana ya taifa la Marekani alifunga mabao 72 katika msimu mmoja wa 2018-19, na hakuna kijana wa timu ile aliyepata kufika hesabu hiyo kabla yake.

Katika Ligi kuu ya hoki ya Amerika ya Kaskazini iko siku ambayo timu huchagua vijana kwa zamu. Mwaka 2019 timu ya Montreal, ambayo ni ya zamani sana katika Kanada, ikamchagua Caufield, akiwa wa 15. Wengi wakasema kwamba angechaguliwa mapema zaidi kama si ufupi wake. Akaenda kwanza kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin, na katika msimu wake wa pili alifunga mabao 30 katika michezo 31, akapewa tuzo ya Hobey Baker, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani.

Masika ya mwaka 2021 aliingia Montreal, na timu hiyo ikafika mpaka fainali ya Kombe la Stanley, ambako ilishindwa na Tampa Bay. Kijana alicheza michezo 20 ya mashindano hayo, akafunga mabao 4 na kuwasaidia wenziwe kufunga mara 8. Alikuwa na miaka 20. Watu wakasema, "Mwakani ataiangaza ligi nzima."

3. Anguko

Mwakani haukuwa kama walivyosema. Msimu ulipoanza, Oktoba 2021, kijana alicheza michezo kumi bila kufunga hata bao moja. Mapema Novemba akashushwa kwenda kucheza katika timu ndogo ya mji wa Laval, jirani na Montreal. Baadaye mwezi ule ule akarudishwa, lakini mambo hayakubadilika sana. Ilipofika Februari 2022 alikuwa amecheza michezo 30 ya ligi kuu, na mabao yake yalikuwa moja. Moja tu, ndugu wasomaji, kwa kijana aliyezoea kufunga karibu kila mchezo.

Timu nzima nayo ilikuwa imeanguka. Wachezaji wake wakubwa walikuwa hawapo kwa maumivu na sababu nyingine, na katika michezo 45 ilikuwa imeshinda 8 tu, ikiwa ya mwisho katika ligi. Tarehe 9 Februari 2022 wakuu wa timu wakamwondoa mwalimu, Dominique Ducharme. Na hapa tusiwe wepesi wa kuhukumu: mwalimu huyu ndiye aliyeiongoza timu katika safari ya fainali miezi michache tu kabla yake, na chini yake kijana yule aliwahi kung'aa. Mwalimu mmoja aweza kumfaa mwanafunzi wakati mmoja, asimfae wakati mwingine.

4. Mwalimu mpya

Mahali pake akawekwa Martin St. Louis. Watu wengi walistaajabu, maana mtu huyu hakuwa amepata kufundisha timu ya watu wazima. Kazi yake ya kufundisha ilikuwa ni kuwafundisha watoto, wakiwamo wana wake mwenyewe. Wengine wakacheka, wakisema kwamba atokaye kwa watoto hawezi kuwaongoza wakubwa.

Lakini tutazame maisha ya mtu huyu. Alizaliwa mwaka 1975 katika Laval, mji ule ule ambao kijana alishushwa kwenda kucheza. Naye alikuwa mfupi, futi 5 na inchi 8. Siku ya kuchaguliwa vijana hakuna timu hata moja iliyomtaka. Akacheza katika Chuo Kikuu cha Vermont, kisha katika timu ndogo ndogo, hata mwaka 1998 timu ya Calgary ikamchukua. Huko, kwa misimu miwili, alicheza michezo 69 na kufunga mabao 4 tu. Mwaka 2000 Calgary wakamwacha.

Akachukuliwa na Tampa Bay, na huko moyo wake ukafunguka. Msimu wa kwanza alifunga mabao 18. Mwaka 2004 aliongoza ligi nzima kwa hesabu ya mabao na misaada, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, na timu yake ikatwaa Kombe la Stanley. Mwaka 2013, alipokuwa na miaka 37, aliongoza ligi mara ya pili. Mwaka 2018 akaingizwa katika Jumba la Heshima la hoki. Wahenga walisema kweli: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi fikirini. Yule kijana mfupi, mwenye bao moja katika michezo 30, alipoinua macho yake alimwona mbele yake mwalimu mfupi, aliyewahi kuwa na mabao 4 katika michezo 69. Hapakuwa na haja ya maneno mengi. Mwalimu mwenyewe alikuwa ushahidi.

5. Aliyoyafanya mwalimu

Haifai kudhani kwamba alifanya mwujiza. Mambo aliyoyafanya yalikuwa ya kawaida, na mwalimu ye yote aweza kuyaelewa.

Kwanza, alimpa kijana mahali pa heshima. Alimweka katika kundi la kwanza la washambuliaji, pamoja na Nick Suzuki, kijana mwenye akili nyingi za mchezo, ambaye baadaye mwaka ule ule alifanywa nahodha wa timu. Akampa nafasi nyingi za kucheza, hata alipokosa. Mchezaji ajuaye kwamba kosa moja halitamwondoa hutazama mchezo; ajuaye kwamba kosa moja litamwondoa humtazama mwalimu.

Pili, alimweka karibu na mwenzi anayemfaa. Suzuki ni hodari wa kuona na kutoa. Caufield ni hodari wa kupiga. Kipawa cha mmoja kilikosa tumaini bila cha mwingine. Mara nyingi twamwita mwanafunzi mvivu, kumbe tumemketisha mahali pasipomfaa.

Tatu, aliwafundisha wachezaji wake kuusoma mchezo, wasiufuate kama watu waliokariri njia. Aliwaeleza maana ya mambo: nafasi iko wapi, mwenzako atakwenda wapi, adui amekuacha wapi. Kisha akawaachia wachague wenyewe. Kwa mtu mwenye kipawa hilo ni jambo kubwa. Maana aliyekariri, mambo yakibadilika, hubaki amesimama. Lakini aliyefahamu maana hupata njia nyingine.

Nne, hakumdai kijana kwanza awe mtu mwingine. Alikuwa na makosa katika kulinda, nayo yalipaswa kusahihishwa. Lakini mwalimu alianza na kile alichokiweza, yaani kufunga, ili apate mahali pa kusimama. Kazi ya masahihisho ilifuata baadaye.

6. Matunda yake

Tarehe 17 Februari 2022 timu ya Montreal ilipata ushindi wake wa kwanza chini ya mwalimu mpya. Mchezo ulikwisha kwa sare, muda ukaongezwa, na aliyefunga bao la ushindi ni Caufield. Tangu mwalimu huyo alipokuja mpaka mwisho wa msimu, kijana alicheza michezo 37 akafunga mabao 22. Siku ya mwisho ya msimu, tarehe 29 Aprili, alifunga matatu katika mchezo mmoja, na timu yake ikawashinda Florida kwa mabao 10 kwa 2.

Tazameni tena hesabu hizi: michezo 30, bao 1, kisha michezo 37, mabao 22. Kijana ni yule yule, gongo ni lile lile, barafu ni ile ile, tena katika msimu mmoja.

7. Tusiseme kupita kiasi

Mwandishi mwaminifu hana budi kuonya hapa. Ni rahisi kusema, "Mwalimu alikuja, mambo yote yakawa mema." Sivyo. Chini ya mwalimu mpya timu ilishinda michezo 14 kati ya 37, nayo ikamaliza msimu ikiwa ya mwisho katika ligi nzima. Tumaini la kijana mmoja halikuwaponya wagonjwa wala kujenga timu kwa miezi mitatu.

Tena, sehemu ya anguko la kwanza ilikuwa ni bahati mbaya tu. Mtu mwenye kipawa kama chake hawezi kukosa daima. Siku zingine kisahani hugonga mwamba wa mlango, siku zingine mlinda mlango hukizuia pasipo yeye mwenyewe kukiona. Huenda mabao mengine yangekuja hata kwa mwalimu mwingine. Lakini mwalimu mwema hufanya hivi: humshika mkono kijana katika siku za bahati mbaya, ili zikipita, zimkute bado anapiga. Aliyekwisha kuacha kupiga, bahati njema humpita bila kumwona.

Na neno la tatu: kipawa kilikuwa cha kijana mwenyewe. Mwalimu hakukileta katika mfuko wake. Aliondoa jiwe lililokuwa juu ya kisima, maji yalikuwamo.

8. Miaka iliyofuata

Tumaini lililorudi kwa miezi mitatu laweza kupotea tena kwa siku moja, kwa hiyo yafaa kutazama yaliyofuata. Msimu wa 2022-23 Caufield alifunga mabao 26 katika michezo 46, kisha bega lake likaumia, akapasuliwa, asicheze tena msimu ule. Hata hivyo, Juni 2023 timu ilimpa mkataba wa miaka 8; nalo lilikuwa neno la kumtumaini, lililosemwa kwa mtu ambaye ndiyo kwanza atoke katika maumivu. Msimu wa 2023-24 alifunga 28, pungufu kuliko watu walivyongoja, lakini alijifunza zaidi kulinda na kuwasaidia wenziwe. Msimu wa 2024-25 akafunga 37, na timu yake ikaingia tena katika mashindano ya Kombe, ingawa iliondolewa mapema na Washington.

Kabla ya msimu huo wa 2024-25 kijana alibadili namba ya vazi lake, akaacha 22 na kuvaa 13, kwa kumkumbuka Johnny Gaudreau, mchezaji mwenzake wa Marekani aliyefariki pamoja na ndugu yake Agosti 2024, walipogongwa na gari wakiwa juu ya baiskeli. Gaudreau naye alikuwa mfupi, na wafupi wengi walipata moyo kwa kumwona. Basi kijana aliyetiwa moyo hakusahau waliotangulia.

9. Neno kwa sisi tufundishao

Sasa turudi nyumbani, nasi tukiri jambo letu. Katika miaka ya kwanza ya kufundisha kwetu tulikuwa na mvulana aliyesoma vizuri kuliko wenziwe wote. Siku moja alikosea kusoma mbele ya wageni, nasi tukamsahihisha kwa sauti kubwa, maana tuliona haya. Siku ya pili alisoma polepole, tukamwambia aharakishe. Siku ya tatu alikosea tena. Tukachukua kitabu, tukampa mwingine. Tulidhani twamwonya, kumbe twamfundisha kunyamaza. Mwaka ulipokwisha alikuwa akiketi nyuma kabisa, wala hakuinua mkono tena.

Mwaka uliofuata darasa lile lilipokelewa na mwalimu mwingine, mdogo kwetu kwa umri. Hakumhubiri mvulana yule hata kidogo. Alimpa kazi ya kuwasomea watoto wadogo kila asubuhi, maneno mepesi, pasipo mgeni wala hesabu ya makosa. Baada ya miezi michache tulipita karibu na dirisha, tukasikia sauti yake, imara kama zamani. Tulisimama pale kwa muda. Hatukuwa na la kusema.

Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini je, hapana budi kungoja mgeni? Mwalimu aliyepo aweza kuwa mpya leo, akitaka. Aanze kwa kumwuliza kijana si "Kwa nini umeshindwa?" bali "Uliweza nini zamani?" Kisha amrudishe hapo, ampe mwenzi anayemfaa, amwachie akosee bila kuondolewa, na amweleze maana ya kazi kabla ya kumhesabia makosa. Tena asifiche ya kwake. Mwalimu aliyewahi kuanguka, akinyamaza juu ya anguko lake kwa ajili ya heshima, amemnyima mwanafunzi wake fundisho lililo bora kuliko yote aliyo nayo.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini shaka ya moyo humdhuru mshambuliaji wa hoki kuliko mtu afanyaye kazi ya polepole? Ni kazi gani kwetu zilizo hivyo?
2. Mwalimu wa timu husema na wachezaji wake hata akinyamaza. Je, sisi twawaambia nini wanafunzi wetu kwa jinsi tunavyowachagua na kuwaketisha?
3. Ni mambo gani manne aliyoyafanya mwalimu mpya? Lipi lililo gumu kwako?
4. Kwa nini haifai kusema kwamba mwalimu peke yake ndiye aliyemwokoa kijana?
5. Katika darasa lako, au katika nyumba yako, ni nani aliyenyamaza ambaye zamani alisema? Mwandike jina lake kwenye karatasi. Usimwonyeshe mtu. Juma hili mpe kazi moja aiwezayo.